Mapenzi, Ujasusi na Kikombe cha Kahawa

Wapenzi wa filamu wa bonde la Kilombero wengi wameshaiona Notorious bila kujua. Waliiona ikiwa imevalishwa nguo nyingine: Mission: Impossible 2 ya John Woo, iliyotoka mwaka 2000, yenye pikipiki zinazovaana hewani na njiwa wanaopita katikati ya moto. Filamu za namna hiyo ndizo zinazojaza mabanda ya video, kuanzia Ifakara mjini hadi vijiji vya mbugani kama Mofu, na kijana aliyeitazama hiyo ukimuuliza atakusimulia pikipiki. Kiini chake huwa kimemtoka. Mwanamke anaombwa arudi kwa mwanamume aliyewahi kuwa naye, ajifanye penzi limefufuka, awachotee siri watu waliomtuma. Na mmoja wa hao waliomtuma anampenda. Mwanamke huyo kachezwa na Thandiwe Newton, ambaye mama yake ni Mzimbabwe. Lakini mfupa wa hadithi, hadi lile tukio la kwenye mbio za farasi, ni wa Alfred Hitchcock, aliyeitoa Notorious mwaka 1946.

Mchanganyiko huu wa jasusi na mpenzi umedumu karibu miaka 80 na bado unauza tiketi. Afrika Mashariki tuna historia ya ujasusi ya kutosha, na tuna rafu nzima ya riwaya za Kiswahili zilizojaa makachero na wanawake wazuri. Filamu za aina hiyo tulizozitengeneza wenyewe, hata hivyo, zinahesabika kwa vidole na vidole vinabaki. Jibu ambalo watu hulitoa haraka ni fedha. Mimi silikubali, na njia ya kulikataa ni kuitazama Notorious kwa karibu, tuone inasimama juu ya nini.

Alicia Huberman, anayechezwa na Ingrid Bergman, ni binti wa Mjerumani aliyefungwa Marekani kwa kosa la ujasusi. Baba kaingia gerezani, binti kazamia kwenye pombe, na mjini Miami jina lake limekwisha. Anamjia ofisa wa serikali aitwaye Devlin, ndiye Cary Grant, na kumshawishi aifanyie kazi Marekani nchini Brazil. Wanafika Rio de Janeiro, kazi yenyewe bado haijatajwa, na wakiwa wanangoja wanapendana. Ndipo wakubwa wanaitaja: Alicia amwendee Alexander Sebastian, rafiki wa baba yake, mtu mzima aliyewahi kumpenda, ambaye nyumba yake ni maficho ya Wajerumani waliokimbia baada ya vita. Devlin anampelekea ujumbe huo. Anangoja Alicia akatae. Alicia anangoja Devlin amwambie akatae. Kila mmoja kamnyamazia mwenzake, na kwa unyamavu huo mwanamke anakwenda. Baadaye Sebastian anataka kumuoa, wakubwa wanaona mambo yamenyooka, na harusi inafungwa.

Toa ujasusi hapo, unabaki na ugomvi wa wapenzi wawili wenye kiburi. Toa mapenzi, unabaki na ripoti ya ofisini. Ukiviweka pamoja, kila hatua ya kazi inakuwa jeraha la moyo, na kila neno la mapenzi linaweza kuwa uongo wa kazi. Alicia akileta habari kwamba Sebastian kamkubali, Devlin kama ofisa anapaswa kufurahi; kama mwanamume anaungua. Mtazamaji anayaona yote mawili usoni pa Grant, ingawa Grant hafanyi lolote zaidi ya kukaza taya.

Sehemu yenye utajiri zaidi ni ile ya karamu. Alicia, sasa mke wa Sebastian, amegundua kwamba ghala la mvinyo chini ya nyumba linafungwa kwa ufunguo mmoja tu anaoushika mumewe. Amemchomolea ufunguo huo kwenye kishada cha funguo zake, na anapaswa kumkabidhi Devlin ambaye amealikwa karamuni. Kamera inaanzia juu kabisa, karibu na dari ya ukumbi, tukiwaona wageni kama umati wa harusi unaotazamwa kutoka ghorofani. Kisha inashuka, inashuka, bila kukatwa, mpaka inafika kwenye mkono wa Alicia uliofumbwa, na ndani ya kiganja tunaona ufunguo. Hakuna aliyesema neno. Ukumbi wote ule, mapambo yote, muziki wote, sasa ni kelele zinazouzunguka ufunguo mmoja.

Halafu Hitchcock anaongeza saa, na saa yenyewe ni chupa za shampeni. Zimewekwa kwenye barafu, wageni wanakunywa, chupa zinapungua. Zikiisha, mhudumu atamwomba bwana mwenye nyumba atelemke ghalani kuchukua nyingine, na bwana atatafuta ufunguo wake. Kila tunapoonyeshwa lile beseni la barafu, chupa ni chache kuliko mwanzo. Huo ni utaalamu ambao fedha hazinunui. Ni chupa tu. Hitchcock mwenyewe, katika mazungumzo yake marefu na Mfaransa François Truffaut yaliyochapishwa mwaka 1966, alieleza kanuni anayoifuata: bomu likilipuka ghafla chini ya meza, watazamaji wanashtuka kwa sekunde chache, lakini wakiambiwa mapema kwamba bomu lipo na litalipuka saa saba kamili, huku waliokaa mezani wakizungumzia mambo ya kawaida, basi mazungumzo hayo yatawatoa jasho dakika kumi na tano. Taharuki ni suala la nani anajua nini, na anakijua kabla ya nani.

Kikombe cha kahawa kinafuata kanuni hiyohiyo. Sebastian anagundua kwamba ufunguo ulipotea usiku na kurudi asubuhi. Anatambua amemuoa jasusi. Hawezi kuwaambia wenzake, kwa sababu ameshaona jinsi mmoja wao alivyoondolewa duniani kwa kosa dogo tu la kushtuka hadharani alipoiona chupa fulani. Anamwendea mama yake alfajiri. Mama mtu, aliyechezwa na Leopoldine Konstantin, anakaa kitandani, anawasha sigara, na anatoa ushauri: mkwe afe polepole, aonekane ni mgonjwa. Tangu hapo kikombe cha kahawa kikiwekwa mbele ya Alicia, kamera inakifanya kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Anakichukua, anaongea, anakirudisha, anakichukua tena. Ingekuwa bandani Mofu, kwenye mabenchi ya mbao chini ya paa la bati lililotundikwa turubai jeusi kuziba mwanga, ungesikia sauti ya mama mmoja kutoka nyuma: «Dada, usinywe!» Anakunywa.

Na ile nyumba ya kifahari haikuwa ya lazima. Ukihesabu kinachofanya kazi katika filamu nzima, utapata ngazi, mlango wa ghala, ufunguo, chupa na kikombe. Mtayarishaji David Selznick aliuuza mradi wote, yaani mswada, mwongozaji na nyota wake, kwa kampuni ya RKO kwa dola 800,000 na nusu ya faida, kwa kuwa alikuwa na shida ya fedha za filamu yake nyingine. Kiasi hicho ni kikubwa, lakini sehemu kubwa ni bei ya majina. Bei ya kikombe haimo.

Hiyo chupa iliyomshtua mtu hadi akauawa haina mvinyo. Devlin anavunja nyingine kama hiyo kwa bahati mbaya ghalani, na kinachomwagika ni mchanga mweusi: madini ya urani, ambayo Wajerumani wale wameyapata katika milima ya Brazil. Hitchcock alipenda kusimulia kwamba aliwaza habari ya urani kabla dunia haijasikia bomu la atomiki, na kwamba kwa ajili hiyo makachero wa Marekani walimfuatilia. Tumwachie simulizi yake. Watu wa filamu hawana kiapo. Alichokikosea ni bara. Urani iliyotengenezewa bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, nchi ambayo lugha ya migodini ilikuwa Kiswahili. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha tani zaidi ya 1,000 za madini hayo kwenda New York mwaka 1940, zikakaa kwenye mapipa Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipozinunua mwaka 1942. Mengine yalifuata kwa reli, kwa meli za mto na kupitia bandari ya Matadi. Marekani ilipeleka majasusi Kongo kuhakikisha mawe yale hayapenyezwi kwa Hitler, na baadhi yao walijifanya wanafuatilia magendo ya almasi ili hata wenzao wasijue wanachokitafuta. Mwanahistoria Susan Williams amewaandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2016.

Kwa maneno mengine, wakati Bergman anaiba ufunguo katika Rio ya kuigiza, filamu ya kweli ilikuwa imeshachezwa kwenye ardhi ya Waswahili wa Katanga, na waliobeba mawe kwa mikono hawakuambiwa ni mawe ya nini. Ukiipima kwa kanuni ya bomu chini ya meza, hao ndio waliokaa mezani.

Haikuwa mara ya mwisho. Dar es Salaam ya miaka ya 1960 ilikuwa mji wa makachero. Vyama vya ukombozi vya kusini vilikuwa na ofisi zake pale, mabalozi wa Mashariki na Magharibi walikunywa kwenye hoteli zilezile, na kila mhudumu alishukiwa kuwa shushushu wa mtu fulani. Januari 1965 serikali iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Frank Carlucci wa Zanzibar na Robert Gordon wa Dar es Salaam, baada ya maongezi yao ya simu kunaswa na kueleweka kuwa ni njama ya kuiangusha serikali. Wamarekani walishikilia kwamba yalikuwa maongezi ya kazi yaliyoeleweka vibaya. Carlucci akaja kuwa naibu mkurugenzi wa CIA, na mwaka 1987 Waziri wa Ulinzi. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, alifungua kifurushi chenye kitabu, kikamlipukia. Ndani ya kitabu palikuwa na bomu. Hitchcock asingethubutu kuandika tukio la wazi kiasi hicho.

Bonde la Kilombero nalo liliingia katika mchezo huo kwa njia ya reli. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970 na njia yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Inapita Ifakara na kuambaa na milima ya Udzungwa hadi Mlimba, kabla ya kupanda kuelekea Makambako katika kipande kigumu kuliko vyote. Lengo lake lilikuwa la kisiasa waziwazi: kuiwezesha Zambia kutoa shaba yake bila kupita kwa Wareno wala kwa Ian Smith wa Rhodesia. Kwa hiyo ilikuwa na maadui kabla taruma la kwanza halijalazwa. Vijiji vya ujamaa vilipangwa kando ya reli, na mojawapo ya kazi walizotarajiwa kuzifanya wanavijiji ni kuilinda isihujumiwe. Mofu yenyewe iko upande wa pili, mbugani, karibu na mto na mashamba ya mpunga, mahali ambapo masika ikishika barabara inamezwa na maji na mtumbwi unarudia cheo chake. Lakini mtu wa Mofu aliyekwenda kuuza kambale wakavu stesheni aliona mambo: Wachina wanaoongea Kiswahili cha darasani, mabehewa yaliyofungwa, na watu wa mjini wanaouliza maswali kwa upole mno.

Hadithi ya bonde hili ina mkia wa kushangaza. Mmoja wa Wachina waliosomea Kiswahili na kufika nchini mwaka 1975 kuwa mkalimani wa mradi wa TAZARA alikuwa Yang Fenglan. Miaka 40 baadaye, mwaka 2015, alikamatwa na kikosi maalumu cha upelelezi, na Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ikamhukumu kifungo cha miaka 15 kwa kuongoza magendo ya pembe za ndovu. Magazeti yalimwita malkia wa pembe. Katika miaka aliyoshtakiwa kwayo, tembo wa Selous, pori lililopakana na bonde la Kilombero, walikuwa wakiteketea kwa maelfu. Mkalimani wa urafiki wa mataifa anayegeuka kuwa mtu wa kuwindwa na wapelelezi: mwandishi wa filamu angeleta hadithi hiyo kwa mtayarishaji, angeambiwa ameongeza chumvi.

Malighafi ipo, basi. Waandishi wa riwaya waliiona mapema. Elvis Musiba alimzaa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, iliyochapishwa mwaka 1974, akamtuma jasusi huyo wa Tanzania huku na huko Afrika kupambana na makaburu na vibaraka wao katika vitabu vilivyofuata, kama Kikosi cha Kisasi na Njama. Ben Mtobwa alikuja na Joram Kiango, mpelelezi asiye mtumishi wa serikali, na msichana Nuru ubavuni pake. Vitabu hivyo vilisomwa hadi majalada yakachanika. Kwenye treni ya TAZARA, kitabu kilichopita Mlimba kingefika Ifakara kimeshakuwa na wasomaji watatu.

Nawaheshimu wote wawili. Musiba hasa aliwapa vijana wa miaka ile kitu ambacho James Bond asingewapa: shujaa ambaye upande wake ni upande wetu, na anayejua Nairobi kuliko London. Ila katika suala la mapenzi, riwaya hizo zilichukua njia fupi. Mwanamke ni mtego uliowekwa na adui, au ni tuzo ya stelingi baada ya kazi. Willy Gamba akilala na mwanamke, tunajiuliza kama ana bastola chini ya mto. Hatujiulizi kama Willy atavunjika moyo. Nuru wa Mtobwa anakwenda mbali kidogo, maana ni mwenza wa kazi na ana akili zake, lakini naye mara chache anamweka Joram mahali ambapo kazi na penzi haviwezi vyote kuokoka. Katika Notorious mahali hapo ndipo filamu yote inapokaa.

Aliyepafikia kwa Kiswahili ni Shafi Adam Shafi, na wala hakuwa akiandika riwaya ya ujasusi. Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, inamchukua Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee mwenye duka, akamkimbia, akajitosa Ng'ambo ya mji wa Zanzibar na kukutana na Denge, kijana mpigania uhuru anayesakwa na polisi wa Mwingereza. Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu mwaka 2021, Ikhlas Gafur Vora akiwa Yasmin na Gudrun Columbus Mwanyika akiwa Denge, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, halafu Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Humo kumpenda mtu ni kujiingiza katika siri yake. Nyaraka zilizopigwa marufuku zinapita mikononi mwa watu wanaopendana, na kubisha hodi usiku kunaweza kuwa mpenzi au askari. Yasmin hatumwi na mtu. Anaamua mwenyewe kuingia, na hapo kampita Alicia.

Lawama yangu kwa filamu ya Shivji ni moja. Ni nzuri mno kwa macho: usiku wa buluu, taa za mafuta, taarabu. Uzuri huo unakupumzisha wakati ambapo ungepaswa kukaa ukingoni mwa kiti. Polisi wanatisha, lakini mara chache tunajua jambo ambalo Denge halijui, na bila hilo bomu halimo chini ya meza. Ni filamu ya mapenzi na siasa iliyo bora kuliko nyingi tulizonazo. Taharuki haikuwa shabaha yake ya kwanza, na ni haki ya msanii kuchagua shabaha.

Kwa nini wengine hawajajaribu? Wengi watakwambia ni sheria. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali na mswada ukaguliwe, na mtayarishaji mwenye hadithi ya Usalama wa Taifa hujihukumu mwenyewe kabla Bodi ya Filamu haijafungua ukurasa wa kwanza. Hofu hiyo naielewa. Busu nalo lina kesi yake. Lakini Hitchcock alikuwa na bodi yake pia. Kanuni za maadili za Hollywood za wakati ule hazikuruhusu busu la muda mrefu. Akawaambia Bergman na Grant wabusiane kwa muda mfupi, waachane, waongee habari ya kuku wa chakula cha jioni, wabusiane kidogo, watembee wamekumbatiana hadi kwenye simu, wabusiane tena. Likatoka tukio la dakika mbili na nusu ambalo halikuvunja kanuni yoyote na ambalo lina joto kuliko kitanda. Hata vazi la Devlin la ukimya ni zao la mazingira hayohayo: kisichoruhusiwa kuonyeshwa kinahamia machoni. Nchi ambayo mume na mke hawashikani mikono sokoni, na bado kila jirani anajua nani anampenda nani, ina wataalamu wa kusoma macho kuliko Hollywood yote.

Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni tabia ya kusema kila kitu. Filamu zetu nyingi za video za tangu miaka ya 2000 ziliota katika ua wa michezo ya redio na maigizo ya televisheni: mtu akiwa na wivu, anasema ana wivu, halafu anampigia shoga yake simu amweleze tena. Jasusi wa namna hiyo angekamatwa kabla ya tangazo la kwanza la biashara.

Watu huwalaumu madijei wanaotafsiri filamu kwa kuwazoesha watazamaji maelezo mengi. Hapo nawatetea. Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyeijenga kazi hiyo Dar es Salaam, na wengine waliofuata kama DJ Mark, hawakuwa wakalimani tu. Dijei mzuri hukuambia jambo kabla stelingi hajalijua: yule anayemfungulia mlango ndiye aliyemuuza, muangalieni anavyocheka. Banda zima linaanza kumpigia kelele mtu wa kwenye skrini asiyesikia. Hiyo ndiyo kanuni ya Hitchcock ikiwa imefika mbugani bila kitabu cha Truffaut. Mtazamaji wa Mofu, aliyelipa kiingilio chake na kuketi saa mbili karibu na jenereta linalonguruma, amefunzwa taharuki vizuri kuliko wanafunzi wengi wa vyuo vya filamu. Anachokikosa ni filamu ya kwao iliyojengwa kwa hila hiyo, ambayo dijei akiingia atalazimika naye kunyamaza dakika mbili, mkono uliofumbwa ukisema badala yake.

Ningeiandika yangu mwaka 1973, katika bonde hili. Kivuko cha Mto Kilombero, miongo mingi kabla ya daraja la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018, stesheni inayojengwa, ratiba ya behewa moja ambayo Wareno wangelipa kuijua. Mwanamke anayeandika barua za wafanyakazi wasiojua kusoma, na kwa hiyo anajua siri za kila mtu. Mlinzi wa reli anayempenda. Karani wa ghala anayempenda pia, na ambaye wakubwa wa mlinzi wanaamini anauza habari. Wakubwa wanasema: mpeleke dada huyo kwa karani. Maji ya masika yanapanda, kivuko kinasimama, na watu watatu wamefungiwa upande mmoja wa mto.

Haya yote ni rahisi kuyapanga. Kigumu ni karani. Katika Notorious, mtu anayependa kwa moyo wake wote, bila masharti na bila kiburi, ni adui, yule Sebastian wa Claude Rains: mfupi kuliko mkewe, mwoga kwa mama yake, na mwenye mapenzi ya kweli kuliko Devlin. Mwishoni Devlin anambeba Alicia aliyelegea kwa sumu, anashuka naye ngazi mbele ya Wajerumani wote, na Sebastian anawasindikiza akimsaidia, kwa sababu akisema lolote wenzake watajua amemuoa jasusi. Wanafika kwenye gari. Anaomba wampakie. Devlin anabana kitasa cha mlango. Unamchukia Sebastian, alikuwa anaua, na hapohapo unatamani wamfungulie. Banda la video linamjua stelingi na linamjua adui. Riwaya zetu za ujasusi vilevile, kwa kuwa kaburu hakuhitaji kuhurumiwa na Musiba hakuwa na sababu ya kumhurumia. Karani wangu wa Ifakara ni mtu wa hapahapa, anasali kanisa moja na mlinzi, mama yake anauza wali stesheni, na ameisaliti nchi yake kwa bei ambayo bado sijaiamua.